Mwenye Kuonja Kwanza

Panya weupe wana tabia moja ambayo hakuna mtu alinionya juu yake nilipoajiriwa: wanakuzoea. Ukiingia asubuhi na koti lako jeupe, wanasimama kwa miguu ya nyuma, pua zinachezacheza, ati mama wa chakula amefika. Na wewe umekuja kuwapa sumu, au kitu ambacho bado hujui kama ni sumu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Niko kwa maabara moja hapa Eldoret ambapo tunapima dawa za miti shamba. Kwanza tunaangalia kama zinaua, halafu kama zinaponya. Watu wengi hudhani tunaanza na kuponya.

Si kazi ya kukupa marafiki. Nikienda harusi na mtu aniulize nafanya kazi gani, nikimweleza, anavuta sahani yake kidogo kando. Harufu ya panya haitoki mkononi, uoge na sabuni gani. Naishi peke yangu mtaa wa Kapsoya, chumba kimoja na jikoni, na kuna Jumamosi ambazo sauti yangu naisikia mara ya kwanza nikiwa kazini, kwa sababu panya hawajui wikendi, lazima walishwe. "Haya, nani hajala?" nawauliza. Nikinyamaza, ndipo nasikia vile jengo lote limenyamaza. Siwezi kudanganya, ni upweke mbaya. Unakaa kifuani kama chakula kilichokataa kushuka.

Lakini nilikuwa na mtu mmoja. Nilikuwa na senje.

Senje, kwetu Waluhya, ni dada ya baba. Baba alikufa nikiwa mdogo, mama akaolewa kwingine, watu wakakaa chini ya mti wa nyumbani wakijadili nani atanibeba. Senje hakungoja wamalize. Alinishika mkono na nguo nilizovaa, akanileta kwake Langas, mtaa wa hapa hapa Eldoret. Hakuwa na mtoto wake. Mimi nimerithi jina la mama yake, kwa hivyo maisha yangu yote aliniita "mama," hata akiwa amekasirika. "Mama, wewe ni mjinga?" Majirani walikuwa wanacheka mpaka wanashika ukuta.

Alikuwa anauza dawa. Kibanda chake kilikuwa karibu na barabara, mbao na mabati, magome yamefungwa kwa kamba, mizizi kwa gunia, na sufuria moja kubwa juu ya jiko la makaa iliyokuwa inachemka kuanzia asubuhi. Hiyo ilikuwa dawa ya tumbo. Ndiyo ilimpa jina. Wafanyakazi wa mjengo, mama mboga, makarani wenye tai, wote walikuja kukunja uso juu ya kile kikombe. Mti wenyewe siutaji hapa, na usiniulize. Nawajua watu. Nikisema unadhuru, kuna mtu atauacha akiwa anauhitaji, na nikisema unasaidia, kesho mtakuwa mmeuchuna mpaka ukauke umesimama.

Sasa kuna jambo lazima nieleze, kwa sababu bila hilo hii habari haina maana. Kwetu mtu hapewi kikombe hivi hivi. Anayekupa anakunywa kwanza, mbele yako, unaona koo likimeza. Tunaita kutoa uchawi. Wengi siku hizi hufanya kama mzaha, wakiwa na busaa, pombe yetu ya nafaka, wakicheka. Senje hakuwa na mzaha katika hilo. Kila mgonjwa aliyekaa kwa ile fomu, benchi lake la mbao, aliona senje akichota, akipiga funda moja zuri, akipangusa ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, ndipo anampa. Kama wamekuja watano, amepiga funda mara tano. Mimi nikienda shule aliipiga funda chai yangu. Na yeye vilevile, usimletee kitu bila kukianza. Siku moja nilimpelekea soda ya chupa, nikaifungua mbele yake, kifuniko kikalia, akashika chupa akaniangalia tu. Ilibidi niionje. "Sasa," akasema, akanywa.

Nilipoanza kazi ya maabara alikuwa ananitania: "Hao panya wako ndio wanawatolea wasomi uchawi, ama?" Nikamwambia ndiyo, ni kitu hicho hicho. Akafurahi sana na hilo jibu. Akalisema kwa kila mtu.

Halafu akaanza kunisumbua. "Unapimia watu wote dawa zao. Yangu ina makosa gani?" Nikamwambia hakuna makosa, mambo ya maabara yana mpango wake, kuna waganga wengi wamengoja. Akanuna. Senje akinuna, hata makaa hayawaki. Mwishowe kiongozi wetu wa mradi, mtu mpole anayeongea akiangalia viatu vyake, akakubali waganga wa Langas walete. Senje akaja mwenyewe na gome kwa mfuko, amevaa nguo ya kanisa na kilemba, akakaa kwa kiti akajibu maswali. Mgonjwa anakunywa kiasi gani? Kikombe asubuhi na kikombe jioni. Kwa muda gani? Wiki moja, asipopona aende hospitali, mimi si Mungu. Mtoto je? Mtoto nusu. Mwenye mimba je? Mwenye mimba simpi. Kila mtu kwa kile chumba alimheshimu.

Jaribio la kwanza ni fupi. Unampa panya dozi kubwa mara moja, halafu unamtazama. Kama ni sumu kali, utajua: anajikunja, manyoya yanasimama, anakataa maji. Nilikaa na hao panya kama mtu anayengoja mgonjwa wake mwenyewe. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyekataa kula. Wale wenzangu wa upande wa vijidudu nao wakaweka dawa kwa sahani zilizooteshwa bakteria wa tumbo, na kesho yake kila tone la dawa lilikuwa limezungukwa na duara safi ambapo bakteria walishindwa kuota. Nilipiga picha na simu, nikapanda boda mpaka Langas, nikamwonyesha.

"Hii nafasi nyeupe ni nini?"

"Ni bakteria wamekataa kukaribia dawa yako."

Akaisogeza ile picha karibu na macho. "Wameogopa," akasema. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukashikana pale kibandani mpaka sufuria ikataka kumwagika. Nikikumbuka furaha ya kweli katika maisha yangu ya utu uzima, ni hiyo. Sijui kama kuna nyingine kubwa kuliko hiyo.

Nilimwambia, na nilimwambia waziwazi, kwamba hiyo ilikuwa hatua ya kwanza, kuna jaribio refu linafuata. Lakini mtu akishasikia "haiui" hangojei sentensi ya pili. Ikawa habari ya mtaa: dawa ya yule mama imepita kwa panya! Watu wakaongezeka. Fomu ikajaa, wengine wakangoja wamesimama. Na yeye, kwa kila mmoja, funda. Sasa hata hakuwa anaonja kidogo. Alikuwa anapiga funda kubwa kwa majivuno, kichwa nyuma, kama mtu anayekunywa maji baada ya kulima.

Jaribio refu ni la dozi ndogo kila siku. Ndogo tu, lakini kila siku, wiki baada ya wiki, asubuhi unamshika panya kwa ngozi ya shingo, unamlisha na bomba, unamrudisha. Hao ndio waliokuwa wananisimamia kwa miguu ya nyuma. Mwisho wake unawapasua, na hapo sitaeleza zaidi. Ini la panya mzima ni laini, rangi ya kahawia iliyokolea, kama ini lolote umeona kwa bucha. Maini ya wale waliokunywa maji matupu yalikuwa hivyo. Wale wa dawa ya senje, ini lilikuwa limepauka, na madoa ya manjano, na likishikwa linameguka. Tukaangalia kwa hadubini. Chembe hai za ini zilikuwa zimevimba, nyingine zimekufa.

Tukakaa kwa mkutano. Kiongozi akasema, na hakuwa mjinga, alikuwa anasema ukweli wa kazi yetu: "Si mbaya sana. Mgonjwa anakunywa wiki moja. Tutaandika isitumike kwa muda mrefu. Kwani nani atakunywa kitu kichungu hivi kila siku, mwaka nenda mwaka rudi?"

Wenzangu wakacheka kidogo. Tulikuwa tumeuliza mgonjwa anakunywa kiasi gani, mtoto kiasi gani, mwenye mimba je. Sisi wote pale tulikuwa watu wa hizi sehemu, hakuna hata mmoja asiyejua kutoa uchawi, hata kiongozi mwenyewe nilishamwona akianza chai ya wageni. Na hakuna aliyewaza kuuliza mwenye dawa anaonja mara ngapi. Ni kitu kimekuwa karibu na macho mpaka hakionekani.

Nikasema, "Kuna mtu mmoja." Nikaondoka na glavu bado mkononi.

Nilimkuta anapepea makaa. Kulikuwa na mteja mmoja, fundi wa mjengo, suruali imejaa simiti. Senje alikuwa amechota, kikombe kiko njiani kwenda mdomoni. Nikakinyakua. Dawa ikamwagika kwa kanga yake. Yule fundi akatuangalia, akainuka polepole, akaenda zake, na sikumlaumu.

"Mama! Umerogwa?"

Nikamweleza. Nikamweleza kwa pupa, kisha kwa utaratibu, kisha kwa machozi. Kwamba dawa yake haina ubaya kwa yule anayekunywa wiki moja. Kwamba mtu mmoja tu Langas nzima anakunywa kila siku, na ni yeye. Akanisikiza akiwa anakamua kanga.

"Panya anaishi miaka mingapi?" akauliza.

"Miwili. Akibahatika."

"Mimi niko karibu sabini. Nimeonja hii dawa kabla hujazaliwa. Nionyeshe panya wa miaka sabini ndipo tuongee."

"Senje, sikio la kufa halisikii dawa!"

"Na wewe umekuja kuiambia dawa isisikie sikio," akasema, na alijua hiyo haina maana yoyote, lakini hangeniachia neno la mwisho. Kisha akawa mpole. "Nikiacha kuonja, mama, mtu aliyetoka huko na tumbo lake ataniaminije?"

Nikampa maoni. Ajifanye anakunywa, aguse tu midomo. Ama aweke kikombe chake kando, chai ya rangi isiyo na sukari, haina tofauti kwa macho. Haki, sijawahi kuona ameniangalia vile. Hata nilipovunja chungu cha mama yake hakuniangalia vile.

"Nidanganye mgonjwa," akasema. "Kwa kikombe."

Nilikuwa na aibu na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuwa vya haki.

Alijaribu, lakini. Kwa sababu yangu alijaribu. Jumapili iliyofuata nilikaa kibandani kumwangalia. Akaja mama mmoja amejishika tumbo, senje akachota akampa moja kwa moja. Yule mama akakishika, akangoja.

"Wewe kwanza," akasema.

"Mimi watu wa maabara wamenikataza."

"Wamekukataza dawa yako mwenyewe?"

"Wamenikataza kunywa kila siku. Wewe ni wa wiki moja. Wewe hakuna shida."

Yule mama akaweka kikombe chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Ngoja nitafute choo," akasema. Hakurudi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alisema wazi: "Mama, kama wewe umekatazwa, mimi ni nani?" Unaona shida? Ukweli wote ulikuwa upande wetu, na ukweli wenyewe ulikuwa unafukuza watu. Kibanda kikabaki sisi wawili na sufuria. Mchana ule ulikuwa mrefu. Wapita njia walikuwa wanamwamkua senje kwa mbali, bila kusimama, na nikaona vile upweke unamkuta mtu ambaye hakuuzoea. Mimi nilikuwa nao miaka. Yeye ulimkuta mzee.

Hakuchukua muda akarudia. Sikuambiwa, nilijua. Nilifika Jumapili moja nikakuta fomu imejaa, akaniona, akainua kikombe akipiga funda huku ananiangalia machoni. Sikumnyang'anya tena. Ningefanya nini? Kumfunga kamba? Nilimwomba tu twende hospitali apimwe damu, akasema atakwenda baada ya mavuno ya dada yake huko nyumbani, kisha baada ya Pasaka. Waswahili husema mganga hajigangi. Mimi naongeza kwamba pia hapimwi.

Kilichomtoa kibandani si maneno yangu, ni macho. Mteja mmoja ndiye alisema: "Mama, mbona macho yako ni manjano?" Na baada ya hapo hakuna aliyetaka hata kama ameonja.

Wodini aliwekwa kitanda cha dirishani. Daktari hakusema ni dawa. Alisema ini linaweza kuchoshwa na mambo mengi, umri, magonjwa ya zamani, na sasa limechoka, basi. Mimi sikubishana naye. Niliona maini ya panya wangu, nikaona macho ya senje. Nilienda kila siku saa ya chakula na flaski ya uji wa wimbi, kwa sababu hangekula cha hospitali. Wauguzi hawakuwa na wakati wa kuanza kila sahani mbele yake, na yeye hangemeza kitu hakijaanzwa. Mwanzoni wagonjwa wa jirani walinicheka, mimi mtu mzima, nikimimina, nikipiga funda, nikipangusa ukingo kwa kidole gumba. Baadaye wakazoea. Mmoja akaniomba nimwanzie wake pia.

Tulikuwa tunaongea mambo madogo. Nani ameoa, nani amehama Yamumbi, kama mvua imenyesha. Dawa hatukuitaja. Siku moja tu aliuliza, "Wale panya wangu, uliwazika?" Nikamwambia wanachomwa. Akatikisa kichwa. "Wangezikwa. Wamefanya kazi ya mtu."

Siku ya mwisho tuliyoongea ilikuwa mchana, jua linaingia dirishani mpaka kwa blanketi. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kilemba kilikuwa kikubwa kuliko uso. Nikamimina uji, nikainua kikombe mdomoni kwangu kama kawaida. Mkono wake ukanishika hapa, kwa kiwiko.

"Wacha," akasema. "Usionje."

Nikafikiri amechanganyikiwa, daktari alikuwa ameniambia inaweza kuwa hivyo. "Senje, ni mimi. Ni uji. Ngoja nikuanzie."

"Najua ni wewe. Umenionjea ya kutosha. Wewe na wale panya wako mlinionjea, na mimi sikuangalia." Akapumua, akapumzika, akapumua tena. "Mimi naenda, mama. Sasa wewe, nani atakuonjea?"

Nilitaka kusema nina marafiki, nina watu wa kazini, nitapata mtu. Ningemdanganya, na tena kwa kikombe. Nikamnyooshea kikombe. Akanyoosha mikono yote miwili, akapokea kile kikombe ambacho hakuna mtu alikuwa amekigusa kwa mdomo, akanywa bila kuniangalia. Aliacha kidogo chini, akanirudishia, nikamalizia.

Tulimzika kwao. Kibanda kilivunjwa, mabati yakachukuliwa na wenye uwanja.

Siku hizi mganga akileta dawa kwetu, mimi ndiye namuuliza maswali, na naanza na lile moja, hata kabla ya jina la mti: wewe mwenyewe unaonja mara ngapi kwa siku? Wengi wanacheka kwanza. Halafu wanaanza kuhesabu kimoyomoyo, naona midomo ikichezacheza, na kicheko kinaisha.

Jumamosi nawalisha panya, nawauliza nani hajala, kisha narudi Kapsoya. Napika chai. Nikishamimina, huwa naiangalia kidogo kwa kikombe, inatoa mvuke, na hakuna mtu ameianza. Nakunywa hivyo hivyo.